Mkono Ulioshika Kamba

Inspekta alikwenda mahabusu asubuhi ile kwa jambo dogo tu: kutafuta sahihi. Jalada la karani wa vifurushi lilikuwa limekamilika, wiki hiyohiyo lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na ukurasa wa mwisho wa maelezo ulikuwa mtupu pale mtuhumiwa anapotia mkono. Kazi ya dakika tano. Aliingia na kalamu mkononi, hata kiti hakuvuta.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kufunga kamba na kubandika lebo. Miaka tisa alikuwa akipokea mizigo katika ghala la kampuni ya mabasi. Wiki tatu nyuma mbwa wa polisi aliketi mbele ya kabati lake la chuma. Kabati likafunguliwa, na chini ya koti lake la mvua ikatoka pakiti ya unga, ule unaowamaliza vijana mitaani.

"Kusaini nitasaini," karani alisema, "lakini umeandika vibaya."

"Wapi?"

"Hapa. Umeandika mbwa alifika kwenye kabati langu akaketi. Si kweli. Alipita. Akazungushwa, akapita tena. Mara ya tatu ndiyo akaketi."

"Mbwa anatafuta, mama. Lazima azunguke."

"Sikatai. Nakwambia nilichoona kwa macho yangu mawili. Pua yake ilikuwa umbali wa kiganja na kabati, na hakugeuza hata sikio. Kama kitu kilikuwamo, mbona alipita mara mbili?"

Inspekta akavuta kiti. "Nani ana kinyongo na wewe pale kazini?"

Karani hakufikiri sana. "Msimamizi wa ghala. Nililalamika kuhusu makasha ya vipuri. Uzito wa kwenye karatasi na uzito wa kwenye mizani ni mbingu na ardhi, na kila nikisema, naambiwa nifunge mdomo nibandike lebo."

Basi Inspekta akaondoka bila sahihi, akaenda kumtafuta msimamizi.

Msimamizi alikuwa mtu wa jasho jingi, na alipoulizwa kuhusu ufunguo wa ziada wa makabati, jasho likaongezeka. Inspekta akadhani amempata. Lakini ufunguo ulikuwa ukutani, ndani ya kisanduku cha kioo, na lakiri ya kisanduku ilikuwa nzima, yenye tarehe ya mwaka uliopita.

"Siku ya ukaguzi kabati lilifunguliwa kwa ufunguo gani?"

"Wa karani mwenyewe. Ulikuwa shingoni mwake. Alimpa yule koplo mwenye mbwa, koplo akafungua, akapekua, akatoa pakiti. Mimi nilikuwa nyuma yake."

"Uliona pakiti ikiwa ndani?"

"Niliona ikiwa mkononi mwake."

"Na yale makasha ya vipuri?"

"Hayo yalishakaguliwa." Msimamizi akapata pumzi. "Karani alipozidi kulalamika nilimwita koplo huyohuyo. Mbwa akayapita yote. Safi."

Inspekta alirudi ofisini na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Kabati halikuguswa na ufunguo mwingine. Mbwa alilipita mara mbili. Kwa mazoea yake ya kutopenda kitu kining'inie, akavuta majalada ya zamani, yale kumi na moja ambayo ushahidi wake mkubwa ulikuwa mbwa huyohuyo. Alisoma maelezo ya watuhumiwa tu. Mmoja fundi viatu, mwingine mpishi wa hoteli, mwingine dereva wa lori, watu ambao hawakuwahi kuonana. Wanane kati yao walikuwa wamesema jambo lilelile, na lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake yeye mwenyewe: mbwa alipita kwanza.

Alifunga majalada, akakaa akiyatazama.

Mwenye mbwa hakuwa mtu baki. Kikosi kizima kilimwita Filimbi, kwa sababu ya filimbi ya chuma aliyoning'iniza shingoni tangu enzi za kufundisha gwaride. Alimpokea Inspekta akiwa kuruta wa miaka ishirini asiyejua kufunga buti. Mume wa Inspekta alipofariki, Filimbi ndiye aliyesimama upande wa ndugu, akapokea wageni siku tatu bila kulala. Watoto wa Inspekta walimwita mjomba, na mjomba kwao hakuwa mwingine. Mbwa wake, jike la kahawia lenye sikio moja lililolala, aliitwa Shahidi. Mahakimu walilijua jina hilo, na walikuwa wakitabasamu wakilitaja.

Kesho yake Inspekta alikwenda chuo cha ualimu kumwona mhadhiri mmoja mzee aliyefundisha saikolojia ya kujifunza. Alimkuta uani nyuma ya maktaba, kachuchumaa mbele ya kuku mweupe.

"Wanafunzi wanamwita Profesa," mhadhiri alisema. "Wanasema ana subira kuliko mimi. Karibu, mama. Kuna vikombe vitatu hapo. Ficha punje ya mahindi chini ya kimojawapo, nami nikikuona."

Inspekta akaficha. Kuku akatembea kwa maringo, akapita cha kwanza, akasimama kwenye cha tatu, akakidonoa. Ndipo penyewe. Wakarudia mara nne. Mara nne kuku akapata.

"Ana pua kali," Inspekta akasema.

"Kuku? Haya, sasa ficha mimi nikiwa nimegeuka."

Alificha. Mhadhiri akageuka tena, na kuku akaanza safari yake. Safari hii alizunguka vikombe vyote, akarudi, akasimama akiinamisha kichwa, akamtazama mhadhiri miguuni. Mwisho akadonoa cha katikati kwa kubahatisha. Hakukuwa na kitu.

"Tena," Inspekta alisema. "Nikificha ukiniona." Na mara hii hakumwangalia kuku. Alimwangalia mhadhiri kuanzia kofia hadi ndala. Kuku alipofika kwenye kikombe chenye punje, kidole gumba cha mguu wa kulia kiliinuka kidogo, kama mtu anayejinyoosha.

"Kidole gumba," akasema.

Mhadhiri akacheka kwa furaha ya kweli. "Wanafunzi wangu huchukua muhula mzima. Kuku huyu hajui punje iko wapi. Anachojua ni kwamba mimi ninajua."

Walikaa kwenye benchi, na mzee akamweleza taratibu, kama anayemtafunia mtoto chakula. Mnyama hajifunzi kile unachodhani unamfundisha. Anajifunza kile kinachofuatwa na chakula. Piga kengele kila siku kabla ya kumlisha mbwa, na siku moja mate yatamtoka kwa kengele tupu. Mpe kipande cha nyama kila anapoketi penye harufu, ataitafuta harufu. Lakini mpe nyama kila anapoketi wewe ukiwa umekaza kamba, na harufu haina kazi tena kwake. Atakusoma wewe, kwa sababu wewe ni rahisi kusomeka.

"Na huyo mwenye mbwa," Inspekta aliuliza, "anaweza kufanya hivyo bila kujua?"

"Anaweza kabisa. Wengi hawajui. Mtu anamshuku fulani, mwili wake unakaza akifika kwake, mbwa anaketi, na mtu anaapa kwa haki kwamba ni pua. Hakuna uongo hapo. Kuna ujinga tu."

Inspekta alilishika jibu hilo kwa mikono miwili. Ujinga ulikuwa na dawa. Angemwita kaka yake, wangekunywa chai, angemwambia: kaka, umekosea, tulirekebishe.

Jioni, kabla ghala halijafungwa, aliomba picha za kamera ya siku ya ukaguzi. Aliziangalia kama alivyomwangalia mhadhiri: mbwa asiwepo, mtu tu. Mara ya kwanza Filimbi alipita kabati la karani, kamba ikiwa mkono wa kulia. Mara ya pili, kulia. Kisha alisimama, akafunga buti ambalo halikuwa limefunguka, hadi msimamizi na mfanyakazi mmoja wa ghala walipoingia mlangoni. Akainuka. Alipofika mbele ya kabati, kamba ikahamia mkono wa kushoto. Shahidi akaketi. Kabati likafunguliwa, na mgongo mpana wa Filimbi ukaziba kila kitu.

Inspekta alirudisha picha nyuma mara sita. Bado, alijiambia, mtu huweza kubadili mkono bila kujua.

Alimpigia mhadhiri simu, wakapanga.

Jaribio lilifanyika saa nne asubuhi, uwanja wa mazoezi wa kikosi. Masanduku sita ya bati yalipangwa kwenye mstari. Inspekta alikuwa amemwambia Filimbi kwamba ni upimaji wa kila mwaka, na kwamba mzee mwenye kofia ni mkaguzi kutoka nje. Kila sanduku lilikuwa limefungwa na mhadhiri peke yake. Mzigo halisi, unga wenyewe, ulikuwa ndani ya la pili.

Kabla hawajaanza, Inspekta alimsogelea Filimbi kama anayemwondolea uzi begani. "Ni la nne, kaka," alinong'ona. "Tusije tukaaibika mbele ya wageni."

Alitamani kitu kimoja tu. Alitamani Filimbi akasirike, amwambie mbwa wangu hahitaji kunong'onezwa. Filimbi alitabasamu.

"Ahsante, dadangu."

Wakaanza. Sanduku la kwanza, Shahidi akalipita. Kwenye la pili pua ikashuka, mkia ukakaza, na sehemu yake ya nyuma ikaanza kuteremka. Alikuwa anaketi. Filimbi akakohoa, kikohozi kimoja kikavu cha mtu aliyepaliwa na vumbi. Mbwa akainuka papo hapo, akaendelea mbele. La tatu likapitwa. Kwenye la nne kamba ikahamia mkono wa kushoto, na Shahidi akaketi wima, macho juu, akingoja kipande chake cha ini lililokaushwa. Akapewa.

"Nne," Filimbi alitangaza.

"Vizuri sana," mhadhiri alisema, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakuna aliyefungua sanduku.

Filimbi alipompeleka mbwa bandani, mhadhiri alivua kofia. Hakuonekana kufurahi.

"Uliona la pili?"

"Niliona. Alikuwa anaketi."

"Nisikilize vizuri, mama, maana hapa ndipo mambo yanapogawanyika. Kuketi mahali patupu, mbwa anaweza kujifunza kwa bahati mbaya. Nilikwambia hivyo na sijabadili neno. Lakini kuacha kuketi penye kitu? Huyo mbwa ana pua njema na amelishwa kwa kuketi maisha yake yote. Kuinuka juu ya harufu hiyo kwa kikohozi kimoja, bila kusita, hakuokotwi njiani. Kuna mtu alikaa naye siku nyingi, akaweka mzigo mbele yake, akakohoa, na akamlipa kila alipouacha. Ni somo zima. Lina mwalimu."

"Na mtu anamfundisha mbwa kuuacha mzigo kwa sababu gani?"

"Hilo," mhadhiri alisema, "ni swali la kazi yako."

Inspekta alikuwa ameshalijibu. Makasha ya vipuri. Mbwa ameyapita yote, safi.

Aliwaita askari wawili, akawaambia wakae nje ya lango la banda na wasiingie mpaka awaite. Kisha akapiga simu ya mezani, akaagiza makasha ya ghala la mabasi yazuiwe na yafunguliwe mbele ya mashahidi. Jibu lilikuja ndani ya saa moja. Chini ya vipuri kulikuwa na pakiti, ndugu wa ile ya chini ya koti la mvua.

Ndipo akaingia bandani.

Filimbi alikuwa akikatakata maini juu ya ubao. Hakugeuka. "Mkaguzi wako amesemaje?"

"Mzigo ulikuwa la pili."

Kisu kikasimama, kikaendelea. "Mbwa amechoka. Ana miaka minane."

"Mbwa hajachoka." Inspekta alichukua kamba msumarini, akamfunga Shahidi, akatembea naye kwa mkono wa kulia kupita magunia ya chakula. Walipofika kwenye ndoo ya maji akahamisha kamba kushoto. Shahidi akaketi mbele ya ndoo ya maji. Inspekta akakohoa. Shahidi akainuka, akaendelea na safari.

Filimbi aliweka kisu chini, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nani alikuonyesha?"

"Wewe. Kwenye picha za kamera. Ulifunga buti lililokuwa limefungwa, ukingoja watu waingie washuhudie."

"Dada..."

"Karani alijua uzito wa makasha. Uliitwa kuyakagua, ukakohoa. Ukaona mwanamke huyu hatanyamaza. Ukabeba pakiti mfukoni, ukamwomba ufunguo wake, ukaziba kabati kwa mgongo. Kuna mahali nimekosea?"

Filimbi alikaa juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Wale watu wa makasha ukishawaingia, hutoki. Mara ya kwanza nilidhani itakuwa hiyo moja tu. Wewe hujui."

"Sijui. Nieleze na wale kumi na moja. Wao walikuwa wa makasha?"

"Si wote."

"Wengine walikuwa wa nini?"

Filimbi alimtazama, na Inspekta akaona usoni mwake kitu ambacho hakukitegemea. Ilikuwa huruma.

"Usiniulize hilo, dadangu. Nishike kwa la karani, inatosha."

"Nakuuliza."

"Miezi minne baada ya kumzika shemeji," Filimbi alisema taratibu. "Ulikuwa huli, hulali, kesi zinakuponyoka kama samaki mbichi. Mkuu alishaandika barua ya kukurudisha mapokezi ukaandike waliopoteza vitambulisho. Ulikuja hapa, ukakaa hapo, ukalia mpaka ukawa huna sauti. Watoto wawili, ada, kodi. Wiki iliyofuata mbwa akaketi kwa fundi viatu. Kesi ikaenda mahakamani, tukashinda, gazeti likaandika. Ukapandishwa cheo."

Inspekta alizungusha kamba ya mbwa kwenye kiganja.

"Ya kwanza ilikuwa yako. Ilikuwa nyepesi mno, nikashtuka mwenyewe. Mkono wa kushoto, basi. Nilikufanyia wewe."

"Fundi viatu alikuwa na hatia?"

"Alikuwa karibu."

"Karibu na nini?"

"Karibu tu. Kibanda chake kilikuwa palepale tulipokuwa tukitafuta."

Nje mbwa wengine walianza kubweka, wakanyamaza. Inspekta aliona bado ameishika kamba ya Shahidi. Akaifungua kwenye shingo ya mnyama, akaining'iniza msumarini. Shahidi alikwenda kwa Filimbi kama ilivyo desturi yake, akaweka kichwa juu ya goti lake, na Filimbi akamkuna nyuma ya sikio lile lililolala.

"Watoto wasiambiwe leo," Filimbi alisema. "Waambie mjomba amesafiri."

"Nitawaambia leo."

"Dada, nimekubeba mgongoni miaka kumi na minane."

"Ulinibeba," Inspekta alisema, "na ukanikanyagisha watu." Akageuka mlangoni, akawaita askari.

Filimbi hakuleta ubishi. Alivua mkanda, akatoa mifuko nje, akanyoosha mikono kabla hajaambiwa. Mmoja wa askari alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na pingu zilimshinda mara mbili kufunga. Filimbi mwenyewe akamwelekeza, kwa sauti ya upole ya ukufunzi, geuza kwanza, halafu sukuma. Wakampitisha uwanjani, mbele ya masanduku sita ambayo bado yalikuwa kwenye mstari.

Ofisini, Inspekta aliandika mambo matatu bila kuinua kichwa. La kwanza, ombi la kumwachia karani siku hiyohiyo. La pili, maelezo yake mwenyewe kama shahidi, na humo alieleza kwamba cheo alichonacho kilitokana na kesi ya kwanza, na kwamba maneno ya watuhumiwa aliyaandika kwa mkono wake na hakuyauliza. Mkuu wake, mtu aliyezoea mambo kuisha kimyakimya, aliyasoma akiwa amesimama mlangoni.

"Hiki kipande cha cheo kinahitajika kweli? Tungeweza kusema mbwa alizeeka."

"Mbwa ndiye peke yake aliyekuwa akisema kweli, mkuu. Alikuwa anakatazwa."

Mkuu akairudisha karatasi mezani, akaondoka.

La tatu lilikuwa barua ya kufungua upya kesi zote kumi na moja. Inspekta aliweka juu kabisa jalada la fundi viatu, akatafuta namba ya mfungwa, akainua simu, akapiga gereza. Sauti ya askari wa masjala ilikuwa ya mtu anayekula. Alichukua namba, akaenda, akarudi.

"Yupo. Yuko karakana, anashona viatu vya wenzake. Amebakiza miaka minne. Unataka kumwona?"

"Leo."

"Miaka yote sita hajawahi kupata mgeni. Ataniuliza ni nani. Nimwambie ni ndugu yake?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Mwambie ni yule aliyemfunga."